Shuka la Saba

Habari zilifika kupitia saluni, njia ambayo habari zote nzito za familia hii hupitia. Shangazi alikuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, rola kichwani, jarida mapajani, hana ugomvi na mtu. Mwanamke wa kiti cha pili akamwinamia.

"Nimemwona mkwe wenu mtarajiwa. Yuko ukutani."

"Ukutani wapi?"

"Kwenye lile jumba la sanaa za kisasa. Mkubwa kama lori. Anakunja mashuka na mkewe."

Shangazi alitoka saluni nywele zikiwa kavu upande mmoja tu. Jambo hilo litasimuliwa miaka mingi, kwa kuwa hata siku nyumba ya jirani ilipowaka moto shangazi alichana nywele kwanza ndipo akatoka kupiga kelele.

Ndiyo maana Alhamisi hiyo, saa nane mchana, yeye na mpwa wake walikuwa wamesimama mbele ya kaunta ya jumba la sanaa, wamebandikwa vibandiko vya kijani vifuani kama maembe ya dukani, wakiamriwa kuacha mizigo.

"Mwavuli unabaki hapa, mama," alisema mpokea mizigo.

"Nikirudi nitaukuta?"

"Utaukuta."

"Ukiwa mwavuli, au ukiwa ukutani?"

Mpwa wake hakucheka. Mtaani walimwita Pini, kwa sababu alikuwa mshonaji na kutwa nzima alibana pini midomoni, kiasi kwamba wateja walizoea kuzungumza wao na yeye kuitikia kwa nyusi. Leo hakuwa na pini hata moja, lakini midomo ilikuwa imebana vilevile.

Alikuwa na sababu. Jumamosi wazee wa mchumba wake wangekuja kuleta posa. Baba yake alitaka neno la mwisho kabla ya chakula cha jioni cha siku hiyohiyo ya Alhamisi, ndiyo au hapana, ili awajibu wazee wa watu mapema. Na baba si mtu mgumu. Mkwe awe mfupi, awe na kipara, akorome mpaka madirisha yatikisike, yote sawa kwake. Ana sharti moja tu, na sharti hilo alilipata kwa uchungu. Dada mkubwa wa Pini aliolewa na bwana mpole, mwenye adabu, ambaye baadaye ilibainika ana mke mwingine ambaye ulimi wake ulisahau kumtaja. Dada alirudi nyumbani baada ya miezi minane na sanduku moja na feni. Tangu hapo baba husema hivi: kama mtu alikuwa na mke, aseme, tutazungumza, akificha, mlango ule pale.

Mchumba mwenyewe waliompenda walimwita Kimya. Alikuwa mwanamume wa maneno machache na macho mengi. Alimwambia Pini kwamba anafanya kazi katika ghala la jumba la sanaa, chini kabisa, mahali ambapo wageni hawaruhusiwi. Pini hakuwahi kwenda. Ungekwenda kufanya nini ghalani?

Na kuna jambo jingine lililomrudia Pini kwenye basi mchana huo na likakataa kushuka. Mwezi wa pili wa urafiki wao, dukani kwake, alimuuliza, "Wewe umewahi kuwa na mke?" Kimya akajibu, "Nani angenikubali?" Wakacheka. Alicheka yeye zaidi. Ilimchukua mwaka mzima na safari ya basi kugundua kwamba lile halikuwa jibu.

Chumba cha kwanza kilikuwa na viatu mia mbili, vyote vya mguu wa kushoto.

"Na vya kulia viko wapi?" shangazi alimuuliza mlinzi wa chumba.

"Mama, hilo ndilo swali analotuuliza msanii."

"Msanii anajua viko wapi. Ndiye aliyevichukua."

Chumba cha pili kilikuwa na kiweko kirefu cheupe, kipana juu kama meza ndogo, kisicho na kitu. Shangazi akaweka mkoba wake hapo apate kufunga kamba ya kiatu. Walinzi wawili walitokea kwa mpigo.

"Mama, tafadhali, hiyo ni kazi ya sanaa."

"Haina kitu."

"Ndiyo kazi yenyewe."

Kuanzia hapo shangazi aliacha kuiamini samani yoyote. Chumba cha tatu kilikuwa na benchi la kupumzikia wageni, benchi la kawaida la mbao, na magoti yalikuwa yanamlilia, lakini alilizunguka kwa mbali na kulitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyejulikana ni wa nani.

"Shangazi, hili ni benchi tu."

"Walikuambia hivyo?"

"Hapana."

"Basi."

Chumba cha nne kilikuwa na pazia zito jeusi mlangoni. Pembeni ya pazia palikuwa na kibao kidogo: *Mume na Mke Wakikunja. Video. Dakika kumi na moja, inajirudia.* Pini alikisoma mara tatu. Mara ya tatu alisoma neno moja tu, la kwanza. Kisha akasogeza pazia.

Giza. Halafu, ukuta mzima wa mbele, Kimya.

Alikuwa mrefu kuliko mlango. Mkono wake ulikuwa mkubwa kama sofa. Alivaa fulana nyeupe, na mbele yake alisimama mwanamke mwembamba mwenye gauni la bluu, na kati yao shuka jeupe lililotanda. Hawakusema kitu. Walikunja. Sauti pekee ilikuwa ya kitambaa, ile sauti ya upepo mdogo ambayo Pini aliisikia kila siku ya maisha yake na hakuwahi kuichukia mpaka saa hiyo.

"Yesu na mama yake," alisema shangazi kwa sauti ya chini. "Kumbe hakutia chumvi."

"Karibuni," ilisema sauti nyingine nyuma yao. "Tafadhali msitumie mwanga wa kamera."

Waligeuka. Kando ya pazia, ndani ya sare ya kijivu na kofia, mikono nyuma, alikuwa amesimama Kimya wa pili, huyu wa ukubwa wa kawaida. Sentensi yake ilimfia mdomoni. Pini alimtazama, akautazama ukuta, akamtazama tena, kama mtu anayekagua noti.

Mwanamke wa saluni, ilieleweka sasa, alimwona aliyekuwa ukutani akapita mita moja kutoka kwa aliyekuwa mlangoni. Hakuna anayemtazama mlinzi usoni.

"Shikamoo shangazi," alisema Kimya.

"Marahaba. Yupi kati yenu anayenisalimia?"

"Ghala limepanda juu lini?" aliuliza Pini.

"Pini, nitakueleza. Siyo hapa."

"Nieleze hapahapa. Nimebandikwa kibandiko."

Pazia likafunguka. Akaingia msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye redio ya mkononi kiunoni na funguo nyingi kuliko milango ya jengo. Akasimama kukagua chumba. Kimya alinyooka, macho mbele, na kunong'ona bila kusogeza midomo, "Siruhusiwi mazungumzo binafsi. Walimwondoa mwenzangu wiki iliyopita. Ukiwa na swali kuhusu kazi iliyoonyeshwa, nalazimika kujibu."

"Unalazimika?"

"Kila swali. Kwa heshima."

Pini alitengeneza kola ya blauzi yake. Alipofungua mdomo tena, sauti ilikuwa ya mgeni mstaarabu kutoka mbali, mwenye hamu kubwa ya utamaduni.

"Kaka mlinzi, samahani. Huyu bwana ukutani ni nani?"

"Ni mshiriki, dada."

"Na huyo mama?"

"Ni mshiriki pia."

"Wanashiriki nini hasa?"

Shangazi alikohoa kwa kuridhika.

"Kukunja mashuka, dada. Msanii alitaka tutazame kazi ndogo za nyumbani kwa macho mapya."

"Nayatazama. Wanafahamiana hawa?"

Kimya alimtupia jicho msimamizi. Msimamizi alikuwa anachungulia kona ya dari.

"Msanii aliwakutanisha kwa ajili ya kazi."

"Lini?"

"Siku ya kurekodi."

"Yaani walikutana siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo, dada."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa jibu ambalo lingemrudisha Pini nyumbani na ndiyo mdomoni, na shangazi akapate kukausha upande wa pili wa nywele. Pini alitaka kuliamini. Alilitazama jibu hilo, kisha akaugeukia ukuta, na hapo ndipo ufundi wake ulipomsaliti.

Kwa maana mtu anaweza kumdanganya mshonaji kuhusu mambo mengi, lakini si kuhusu kitambaa. Pini alikuwa na mwenzake dukani, mama wa watoto watatu, na kila jioni walikunja pamoja majora yaliyofunguliwa mchana. Iliwachukua miezi minne kuacha kugongana. Watu wawili wasiozoeana wakishika shuka, wote huanza na mkono wa kulia, wote hugeukia upande mmoja, na lazima mmoja aseme, "Ngoja, wewe kule." Hawa hawakugongana. Mwanamke yule alitembea na pembe zake mpaka kwa Kimya, na vidole gumba vya Kimya vilikuwa tayari vimeinuka kuzipokea. Mkono wake wa kushoto uliteremka kudaka mkunjo kabla haujaachiwa. Hakuna aliyetazama chini.

Halafu, katikati ya shuka la tatu, mwanamke akasimama. Hakuna kilichotokea. Alisimama tu, ameshika pembe zake, akasubiri. Sekunde moja baadaye Kimya wa ukutani akageuza uso, akapiga chafya. Wakaendelea.

Kitambaa kipya humpigisha Kimya chafya, hilo alilijua. Alijua pia kwamba kabla ya chafya bawa la kushoto la pua yake hutikisika kidogo sana, na dukani yeye Pini huacha kukata kitambaa pale anapoliona, ili chafya isimkoseshe mstari. Alidhani duniani ni yeye peke yake anayelijua bawa hilo. Alilihesabu kama mali yake.

"Kaka mlinzi."

"Naam, dada."

"Shuka la tatu. Msanii ndiye aliyemwagiza bwana huyu apige chafya?"

"Hapana. Ilimjia tu."

"Na huyo mama, waliyekutana naye asubuhi hiyo, alijuaje inakuja?"

Kimya hakujibu. Kanuni ilikuwa imevunjwa, na aliyegundua hilo kwanza alikuwa msimamizi, ambaye aliacha kukagua dari.

"Hilo nimekaa nalo miezi miwili sijaliona," alisema. "Dada ni mwandishi wa mambo ya sanaa?"

"Mshonaji."

"Ahaa. Basi umempata mtu wako. Huyu mlinzi wetu anaijua video hii kuliko sisi wote. Mwenyewe aliomba kuletwa chumba hiki. Wenzake hulikimbia giza, yeye aliandika barua." Akampigapiga Kimya begani, redio ikakoroma, akatoka kuitika.

Shangazi alisubiri pazia litulie.

"Aliandika barua," alisema. Alilisema taratibu, neno kwa neno, kama anayeonja mchuzi. "Mwanangu, twende. Tumeona, tumesikia, na mhuri umepigwa. Baba yako atakula mapema leo."

"Shangazi, nipe dakika."

"Ngapi?"

Pini alikumbuka kile kibao cha pembeni ya pazia.

"Kumi na moja."

"Nitakuwa chumba cha viatu. Kule angalau wamesema wazi kwamba nusu haipo." Na akatoka, akilikwepa benchi jingine lililokuwa katikati ya chumba.

Wakabaki watatu, au wanne, inategemea unahesabu vipi. Pini alisimama upande mmoja wa mlango na Kimya upande wa pili, wote wameangalia ukuta. Hivyo mtu akiingia angemwona mgeni na mlinzi.

"Ni nani?" aliuliza Pini.

"Alikuwa mke wangu. Miaka miwili."

Alikuwa ameshajua. Hata hivyo maneno yale yalipita masikioni kwa kujikunakuna, kama uzi mkavu kwenye tundu la sindano.

"Endelea."

"Msanii alikuwa rafiki yake. Alituomba sote wawili mapema, tukakubali. Siku ya kurekodi ilipofika tulikuwa tumeachana siku kumi na moja. Yeye alisema ameshaahidi. Mimi nikasema basi na mimi nimeahidi."

"Mkaenda kuigiza mume na mke."

"Tulikuwa hatujasahau namna."

"Hilo naliona. Na barua? Uliandika nini? *Naomba chumba chenye mke wangu?*"

"Niliandika kwamba macho yangu hayasumbuliwi na giza." Akahakikisha pazia limetulia. "Nilikuwa ghalani kweli, Pini. Sikukudanganya. Miezi miwili iliyopita lilikuja kreti, tukalifungua, nikasoma kibao. Nikaona kwamba nitatundikwa juu ya kichwa changu mwenyewe. Nikafikiri, mtu wenu mmoja ataingia humu siku moja. Kama akiingia, amkute nani? Mtu atakayesoma kibao kwa sauti? Nikataka anikute mimi."

"Au ulitaka umwone yeye kila siku. Kuanzia saa tatu, akiwa mkubwa kama basi."

Mwanamume mwongo angekataa hapohapo. Kimya alichelewa, na kuchelewa kwake kulimuuma Pini kuliko jibu lolote.

"Wiki ya kwanza, ndiyo," alisema. "Nilimtazama. Wiki ya pili nilitazama mashuka. Siku hizi natazama mlango."

"Maneno mazuri. Uliyatayarisha?"

"Niliyatayarisha mengine. Yamenipotea."

Ukutani, jozi ile ilikuwa imefika shuka la tano. Mwanamke alikuwa na mikono mizuri. Pini aliichunguza kwa haki, kama anavyochunguza kazi ya fundi mwingine, akakiri hivyo moyoni na kuuchukia ukiri wenyewe.

"Yuko wapi sasa?"

"Mji mwingine. Ana mume. Ana mtoto wa kike."

"Umejuaje, kama humfuatilii?"

"Alikuja hapa. Mwezi uliopita. Aliketi kwenye lile benchi na mumewe, mtoto kamlalia."

Pini aligeuka mzima. "Mkazungumza."

"Kidogo."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza choo kiko wapi."

Pini alingoja yaliyofuata. Hayakuja.

"Na wewe ukasema nini?"

"Kulia, baada ya ngazi."

"Ndiyo yote?"

"Alisema asante."

Kicheko kilimpanda Pini bila ruhusa na akakibana kwa meno, kama pini. Hakuwa na imani nacho. Kicheko ndicho kilichomponza mara ya kwanza, dukani. Nani angenikubali, ha ha ha, na mwaka mzima ukapita.

"Nilikuuliza," alisema. "Ulikuwa umekaa juu ya jora la kitambaa cha pazia. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukanijibu mzaha."

"Nilimwogopa baba yako. Nilishasikia habari za dada."

"Hukuulizwa na baba. Uliulizwa na mimi."

Video ikafika gizani, ikawaka upya. Shuka la kwanza.

"Nenda kwa shangazi," alisema Kimya polepole. "Umeshaiona."

"Niliingia katikati. Mwisho nilikuwa nakutazama wewe." Akamtazama kwa jicho la pembeni. "Kwa nini unataka niondoke sasa? Mwisho una nini?"

"Hauna kitu. Mimi hugeuka tu unapofika."

Hilo lilitosha. Pini alikwenda kwenye benchi, akaketi katikati kabisa kama hakimu, akaitazama video yote. Shuka la kwanza, la pili. Chafya. La nne. Wageni wawili waliingia wakanong'ona "nzuri sana" na kutoka baada ya sekunde ishirini. La tano. La sita. Mashuka sita yalikuwa yamepangwa kwenye kiti kidogo, kingo zimelingana kama kurasa.

Kwenye shuka la saba mwanamke alitembea na pembe zake mpaka kwa Kimya, kama mara sita zilizotangulia, na vidole gumba vikainuka kuzipokea. Alimkabidhi. Kisha, badala ya kuinama kudaka mkunjo, alipangusa viganja kwenye gauni lake, akatoka ukutani. Alitoka tu. Upande wa kushoto, bila haraka.

Kimya wa ukutani alibaki ameshika pembe nne. Alitazama upande ule kwa muda. Halafu akajaribu kulikunja peke yake. Alilibana kwa kidevu, pembe moja ikaanguka, akaiokota, nyingine ikaanguka. Alirudia. Mtu mzima, mwenye mikono mikubwa kama sofa, akihangaika na kitambaa kama amekabidhiwa mtoto mchanga wa watu. Mwishowe aliliviringisha, akaliweka juu ya yale sita yaliyonyooka, likakaa pale kama kichuguu. Giza.

Pini aligeuka. Kimya halisi alikuwa ameelekeza uso kwenye pazia, mgongo kwa ukuta, mikono nyuma. Vidole vyake vilikuwa vimeshikana kwa nguvu.

"Kwa nini hukumfuata?"

Kimya aliachanisha vidole vyake.

"Nilikuwa nimeshika shuka," alisema.

Lilikuwa jibu la kipumbavu kiasi kwamba ingekuwa kazi kubwa kulitunga. Pini alilipima, akalivuta huku na huku, akatafuta mahali litakapofumka. Halikufumka. Hiyo haikumaanisha kwamba ni la kweli. Ilimaanisha kwamba limeshonwa vizuri.

Alisimama, akamkaribia mpaka akasikia harufu ya sabuni ileile aliyoizoea kwenye kola zake. Mkono wa Kimya ulisogea sentimita moja kuelekea wake, ukakumbuka sare, ukarudi.

"Unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Saa moja uwe sebuleni kwetu. Bila wazee wako, bila rafiki, bila zawadi. Baba hajakuuliza swali lake, kwa hiyo bado hujamdanganya. Utamwambia kabla hajauliza. Tangu shuka la kwanza."

"Akinikataa?"

"Atakuwa amekukataa wewe mwenyewe, siyo mtu wa ukutani."

"Na wewe, Pini?"

Pini alitazama uso ule kwa mwanga wa video iliyoanza tena. Ulikuwa uso alioupenda tangu siku ulipoingia dukani kuuliza bei ya kupunguza suruali. Bado aliupenda, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi, kwa maana dada yake naye aliupenda uso fulani.

"Mimi sijamaliza kukushuku," alisema. "Nikimaliza nitakuambia."

Alipovuta pazia Kimya alipiga hatua mbili kumfuata, mguu mmoja ukavuka kizingiti cha chumba chake cha kazi.

"Rudi ndani," Pini alisema bila kugeuka. "Kama nitakosa mume mkweli, nisikose na mwenye kazi."

Mguu ukarudi.

Aliposhuka alipita ngazini, akakata kulia makusudi. Choo kilikuwapo, kimeandikwa kwa herufi kubwa. Hakikuthibitisha lolote. Alisimama mbele yake hata hivyo, kwa muda mrefu kidogo kuliko unavyostahili kusimama mbele ya choo, mpaka bibi mmoja akamuuliza kama yuko kwenye foleni.

Shangazi alimngoja nje, kwenye ngazi za mbele, simu mkononi. Upepo ulikuwa unazichezea nywele za upande mmoja tu.

"Kaka yangu amepiga mara mbili," alisema. "Anauliza awajibu nini wale wazee. Mimi nina jibu langu, limekaa hapa ulimini. Mke alikuwepo au hakuwepo?"

"Alikuwepo. Aliondoka mwenyewe."

"Ndivyo anavyosema yeye."

"Ndivyo ukuta unavyosema. Yeye hawezi hata kuutazama."

Simu ikaita tena mkononi mwake. Akamwangalia mpwa wake kwa macho ya mtu aliyewahi kumfungulia dada mlango, sanduku moja na feni, na ambaye hataki kuufungua tena.

"Mwanangu, una uhakika?"

"Sina."

Shangazi akampa simu.

"Baba," alisema Pini. "Usile mapema leo. Kuna mgeni anakuja saa moja."

"Mgeni gani? Mimi nangoja neno lako."

"Neno langu linamngoja yeye. Ana jambo la kukuambia."

Kule upande wa pili baba alizima redio. Alikuwa mzee mwepesi wa kuelewa, na sauti yake iliporudi ilikuwa imepungua.

"Ni lile ninalolidhani?"

"Ndilo."

"Anakuja kulisema mwenyewe?"

"Tumeagana hivyo. Asipotokea, utakuwa umepata jibu na mimi pia."

"Na akitokea? Unataka nifanye nini, mama?"

Pini alitazama juu, kwenye madirisha marefu ya jumba lile, ambayo kutoka nje hayakuonyesha chochote.

"Umsikilize mpaka mwisho, baba," alisema. "Mimi nilitaka kutoka katikati."